Taa Nyekundu Ilikuwa Imezimwa

Nimesoma mliyoniandikia wiki hii. Nimesoma yote, mpaka ya yule dada aliyesema nishukuru, eti ni wanawake wangapi siku hizi wanapendwa kiasi hicho. Dada yangu, kama unamtaka, namba yake ya simu ninayo. Nauli ya kumfuata nitakulipia mimi.

Wengine mmesema mnamwonea huruma. Haya. Na mimi niliwahi kuwaonea huruma wanaume wa namna hiyo, walipokuwa ndani ya kitabu.

Kwa aliyelikuta gazeti hili leo kwa kinyozi na hajui tulikotoka, mambo ni haya. Mimi ni sauti. Kazi yangu ni kuigiza michezo ya redio, na mchezo uliokuwa hewani mwaka ule ulitokana na ile riwaya ya kale ya mshika funguo, ambayo wengi wenu mliisoma shuleni mkalia. Malkia kijana amefungiwa ghorofani, mumewe yuko vitani. Mshika funguo wa jumba anampenda mpaka anakosa usingizi. Malkia anamlaghai kwa maneno matamu ili afunguliwe mlango, mshika funguo anagundua, anampelekea mfalme uongo, malkia anauawa. Halafu yule bwana anajifungia chumbani kwa marehemu na kukumbatia nguo zake mpaka anakata roho.

Watu walilia. Walimlilia mshika funguo.

Malkia nilikuwa mimi. Mshika funguo, ambaye wanawake walikuwa wanapiga simu redioni wakitaka angalau wamwone uso, alikuwa Mzee Meno, babu mwenye wajukuu na kitambi. Taa nyekundu ikizimwa tu, alikuwa anatoa meno yake ya bandia, anayafunga kwenye leso, na kunywa chai kwa raha zake.

Nyuma ya kioo alikaa fundi wa sauti. Tulimwita Kimya kwa sababu hakuwa na neno lingine. Anainua kidole, anasema "kimya", anawasha taa nyekundu, tunaanza. Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi Kimya alivyonisubiri mlangoni akaniambia ananipenda, na jinsi nilivyomjibu neno moja tu, "Sikutaki," ili asipate pa kushika. Nikaenda zangu nyumbani siku ya pili yake nikijiona nimeyamaliza.

Nikamkuta mume wangu amekaa sebuleni mchana kweupe, simu mkononi. Hapo ndipo tulipoishia wiki iliyopita.

Mume wangu ni fundi wa friji. Mchana hakai nyumbani hata akiwa na homa.

"Kaa," aliniambia.

"Kuna nini? Mtoto yuko wapi?"

"Yuko uani na mama. Kaa usikilize."

Akabonyeza simu. Sauti ikatoka, na ilikuwa yangu.

"Njoo karibu, wanadhani nimelala," nilisema mle ndani ya simu. Nikavuta pumzi. "Mume wangu hanioni. Kwake mimi ni pambo la ukutani." Nikacheka kidogo, kile kicheko cha chini. "Wewe ndiye unayenipa pumzi. Nifungulie mlango, nitakuwa wako."

Mume wangu akaikata hapo hapo, kwa haraka, kama aliyeguswa na umeme.

Nami nikacheka.

Ndivyo nilivyo, nifanyeje? Nilicheka kwa sababu yale maneno nilikuwa nayajua kama ninavyojua sauti ya mlango wa nyumba yangu. Lakini mtu aliyeumia hasikii sababu ya kicheko. Anasikia kicheko.

"Unacheka?"

"Si mimi hiyo! Yaani ni mimi, lakini ni malkia. Ni mchezo, mume wangu. Mtu amekata vipande akaviunga."

"Mtu gani?"

"Fundi wetu wa sauti."

"Mbona hakumuunga yule mzee mwenye meno ya bandia? Kwa nini akuunge wewe?"

"Kwa sababu ananitaka."

"Umejua lini?"

"Jana. Aliniambia mlangoni, nikamkatalia."

"Na mimi ungeniambia lini?"

Nilikuwa nimepanga kutomwambia kabisa, nikidhani ndiyo busara yenyewe.

Mama mkwe akaingia kutoka uani, amemshika binti yangu mkono. Kumbe naye alishachezewa kipande kile kile kabla yangu. Akamtuma mtoto akacheze, kisha akanigeukia.

"Mwanamume hapati wazimu hivi hivi," alisema. "Amepewa mwanya."

"Mama, mwanya gani? Nimemwambia simtaki!"

"Umemwambia kwa mdomo. Macho je?"

"Mama, wewe ndiye uliyemlilia mshika funguo mpaka ukashindwa kula. Huyu na yule wana tofauti gani?"

"Yule alipenda kweli," alisema mama mkwe bila kusita. "Na yule malkia naye alikuwa mjanja mno. Alimchezea."

Sikilizeni jamani. Malkia ndiye aliyefungiwa, malkia ndiye aliyekatwa kichwa, na malkia ndiye mwenye makosa. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini alishainua mkono.

"Jumapili binti yangu mkubwa atakuja. Tutakaa kama watu wazima. Ukishindwa kujisafisha, utarudi kwenu. Mjukuu wangu hatoki hapa."

Nilimtazama mume wangu aseme lolote. Alikuwa anafuta kioo cha simu kwa kidole gumba, anafuta na kufuta, na kilikuwa safi.

Nafasi zote mbili nilizozijua duniani, ya mke na ya mama, zikawa zimewekwa mezani mpaka Jumapili. Kukosa mume ningeweza kuzoea. Mtoto, hapana. Niliingia chumbani nikauma mto ili asisikie mama yake akilia.

Lakini nilipomaliza kulia nikakumbuka jambo moja, na nikafurahi kabisa. Huyo wifi anayekuja alikuwa mwalimu. Amefundisha riwaya ya mshika funguo tangu mimi nikiwa mtoto mpaka alipostaafu. Anaijua kwa moyo, ukimkosea neno moja anakurudisha. Nilisema, basi, wamenitafutia hakimu ambaye ningemchagua mwenyewe.

Kesho yake asubuhi nikaenda studio.

Chumba cha Kimya kilikuwa nyuma ya kile cha kurekodia, kidogo, hakina dirisha, kina joto la mashine. Ukutani alikuwa ametundika funguo za makabati yake yote. Kila ufunguo aliufunga kwa kipande cha waya mwekundu wa maiki zilizokufa, amekisuka vizuri kama ukili wa mkeka. Hakuna mwingine pale aliyefunga funguo namna ile. Tulikuwa tunamtania kwamba siku akioa atamfunga mkewe kwa waya huo. Tulicheka sana enzi hizo.

"Nilijua utakuja," alisema. Hata hakugeuka.

"Umemtumia nini mume wangu?"

"Sauti yako."

"Ile si yangu."

"Kuna neno mle nilitunga mimi? Nionyeshe hata moja."

"Umeyaunga!"

"Nimeyaunga," alikubali, kwa sauti ya upole kabisa. "Unataka kuona?"

Akanigeuzia kompyuta. Nilikuwa nimepangwa mle ndani kama viungo jikoni. Vicheko huku, vilio kule, na kopo zima la pumzi. Kulikuwa na mahali pamoja pameandikwa "Ndiyo". Akagusa, nikasikika nikisema ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka nikaziba masikio.

"Umezipata wapi zote hizi? Mchezo wenyewe haufiki hapa hata nusu."

"Za kurudia."

Hapa lazima niwaeleze kazi yetu kidogo. Mwigizaji akikosea, fundi anakatiza na kusema "rudia". Unarudi mwanzo wa sentensi unaisema upya. Inayokwenda hewani ni ile ya mwisho, nyingine zinatupwa. Na katika studio ile hakuna aliyeambiwa "rudia" kama mimi. Mzee Meno alikuwa anapita moja kwa moja, mimi narudia sentensi moja mpaka ulimi unakuwa mzito. Nilirudi nyumbani mara nyingi nikilia kwamba kazi hii siiwezi, nina sauti mbaya, wananivumilia tu. Nilifikia kununua asali kwa ajili ya koo.

"Kwani nilikuwa nakosea sana?" nilimuuliza. Sijui kwa nini nilitaka kujua hilo kwanza.

"Hukuwahi kukosea," alisema Kimya.

Niliumia kuliko nilivyoumia kwa ile simu. Siku zote zile nimejidharau, kumbe mtu alikuwa anajichotea.

"Nilikuwa nataka nyingine tu," aliendelea. "Nikifika nyumbani nakuweka kwenye spika, unanisalimia, unaniuliza nimeshindaje. Nimekaa na wewe vizuri muda wote huo. Juzi mlangoni ndipo uliponiambia hunitaki. Lakini kule nyumbani hujawahi kusema hivyo."

"Kule nyumbani kwako sipo!"

"Ndiyo maana nimetaka uje."

"Kwa hiyo umemtumia mume wangu ili anifukuze."

"Akikufukuza, pa kulala usihofu," alisema. "Hilo nimeshalishughulikia."

"Nitalala barabarani kwanza."

"Malkia naye alisema hivyo. Sura ya sita."

Nilitamani nimpige na kiti. Kilichonizuia ni kwamba kiti chenyewe kilikuwa kimefungwa mezani kwa ule ule waya mwekundu.

Nikafungua kabati la maandishi ya mchezo, nikachukua furushi lote, lenye mistari yangu niliyoipigia alama kwa kalamu. Hakunizuia. Nilipofika mlangoni akasema:

"Wapelekee wasome. Lakini sikiliza mpaka mwisho kwanza."

"Nimesikia ya kunitosha."

"Hujasikia ya mwisho."

Nikampa kisogo. Nilidhani ni ile tamaa yake ya kunibakiza dakika moja zaidi. Mtu akikudanganya sana, hata siku anayokwambia kweli unampita.

Jumapili ikafika. Wifi alikuja mchana, miwani juu ya paji la uso, na kitabu chake mwenyewe kimevikwa karatasi ngumu kama vitabu vya wanafunzi. Mama mkwe alikaa kwenye kiti kikubwa. Mume wangu alikaa karibu na mlango, mahali pa mtu anayetaka kutoka. Tangu siku ile alikuwa anasema na mimi mambo ya lazima tu, chumvi na maji.

"Wifi," nilianza, "mimi sitaki kuapa. Naomba jambo moja. Simu ipigwe sentensi moja moja, nawe useme iko wapi kitabuni."

"Hilo ni jambo la haki," alisema wifi. Akashusha miwani, na sebule yangu ikawa darasa.

Mume wangu akabonyeza.

"Njoo karibu, wanadhani nimelala."

"Simamisha," alisema wifi. Hakufungua hata kitabu. "Sura ya pili. Anamwita kijakazi wake amletee maji. Mwanamke kwa mwanamke."

Nikamwonyesha kwenye maandishi ya redio. Akaitikia kwa kichwa.

"Mume wangu hanioni. Kwake mimi ni pambo la ukutani."

"Sura ya tatu. Anamwambia kasuku."

"Anamwambia nani?" aliuliza mama mkwe.

"Kasuku, mama. Yule ndege. Umesikiliza mchezo wote huo hukumbuki kasuku?"

"Nilikuwa nalia," alisema mama mkwe.

"Wewe ndiye unayenipa pumzi."

Wifi alifungua kitabu, lakini kwa ajili yetu tu, ili tuone kwa macho. "Sura ya tatu, ukurasa unaofuata. Analiambia dirisha."

"Dirisha!" Mama mkwe akapiga paja. Kicheko kilianza kumtoka puani. "Kumbe mwanangu anaonea wivu dirisha!"

"Na kasuku," wifi aliongeza.

Hata mimi nilicheka. Nilihisi kifua kinafunguka, hewa inaingia mpaka chini. Kile kicheko cha kwenye simu nacho nikakionyesha, malkia anachekea viatu vya mfalme. Ile ya kufunguliwa mlango wifi akaisema yote kwa kichwa, sura ya tano, pamoja na jibu la mshika funguo, kwa sauti nzito ya kiume, mama mkwe akajifuta machozi ya kucheka.

"Mwanangu," aliniambia, na tangu siku ile hakuwa ameniita hivyo, "tusamehe. Unajua binadamu. Na huyo fundi wenu ashtakiwe, ni mtu mbaya sana."

"Kwangu kesi imekwisha," alisema wifi, akaanza kufunga kitabu.

Nikamgeukia mume wangu. Nilitaka nimwone akiona aibu kidogo, nisiwafiche. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia, na hayakuwa matamu.

Yeye hakuwa amecheka.

"Iacheni iendelee," alisema.

"Kuna nyingine?" wifi aliuliza.

"Ya mwisho."

Nilikumbuka siku ya kwanza alivyoikata kwa haraka. Nikamkumbuka Kimya.

Akabonyeza, nikasikika tena. Ilikuwa sauti nyingine kabisa. Ilikuwa sauti yangu ya nyumbani, imechoka, na mdomoni mna kipande cha mkate.

"Nani, yule baba mafriji? Yule ana mikono ya barafu na moyo wa barafu. Ningepata pa kulala mimi na mwanangu, hata kesho nisingerudi."

Nyuma yake kulisikika kicheko cha mtu asiye na meno.

Wifi alikuwa ameshaanza kufunua kurasa, kwa mazoea ya kazi. Akafunua moja, akafunua nyingine. Kisha mkono ukasimama. Akavua miwani akanitazama kwa macho yake mwenyewe.

"Wifi," alisema taratibu, "friji iko sura ya ngapi?"

Ilikuwa wakati wa chai, taa nyekundu imezimwa. Kwetu taa hiyo ikizimwa wewe si malkia tena, unavua viatu, unasema la moyoni, kwa sababu kila mtu anajua maiki zimekufa. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba zinakufa kwa hiari ya mtu mmoja nyuma ya kioo. Mzee Meno aliniuliza, "Mzee wa nyumbani hajambo?" Nami siku ile nilikuwa nimetoka hospitali peke yangu. Mama yangu alikuwa anapasuliwa, na mume wangu alikuwa kwenye chumba cha baridi cha mwenye bucha. Chumba kilikuwa kimeharibika, na kwake nyama za bucha zilikuwa na uzito kuliko mama wa mkewe. Nikasema niliyosema. Nikanywa chai. Jioni nilimpikia kama kawaida.

"Ni utani," alisema mama mkwe, safari hii akinitetea. "Si utani? Sema ni utani."

Mume wangu hakumsikiliza. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mchezo wenu nausikiliza kila wiki karakana," alisema. "Saa ile nazima mashine zote. Mteja akija anangoja. Ile ya kasuku niliijua hapo hapo, na ile ya dirisha. Kwamba una mwanamume sikufikiria hata dakika moja."

"Sasa kwa nini ulininyamazia? Kwa nini umeniacha nihangaike, nibebe makaratasi, nikae hapa kama mwizi?"

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe hiyo ya mwisho."

"Sikujua kama ipo!"

"Hukujua kama imerekodiwa," alisema mume wangu. "Kwamba uliisema, hukujua?"

Wasomaji wangu, nilikuwa na njia ya kutokea. Mama mkwe alishanifungulia. Ningesema ni utani, Mzee Meno angekuja kuapa kwa meno yake ya bandia, na jioni tungekula pamoja. Ulimi ulifika kabisa kwenye hilo neno. Lakini nilikuwa nimechoka kusema sentensi zilizoandikwa na watu wengine.

"Nilisema," nilijibu.

"Ulikuwa unatania?"

"Siku ile, hapana."

"Na leo?"

Nikafungua mdomo. Na hapo mama mkwe akasimama.

"Mjukuu wangu hatoki hapa! Nimeshasema! Aende yeye na moyo wake huo!"

"Mama, kaa chini," alisema mume wangu.

Tangu nimeolewa sikuwahi kumsikia akimwambia mama yake hivyo. Mama mkwe akakaa. Mume wangu akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu, akakiweka juu ya kitabu cha wifi.

Ulikuwa ufunguo.

"Ulitaka pa kulala wewe na mwanao. Nimekutafutia. Chumba kizuri, kina madirisha mawili, nimekwenda kukiona mwenyewe. Friji nitakuletea."

Alipofika kwenye neno friji sauti yake ilikatika, akakohoa ili tusijue. Nilijua. Yule mtu mwenye moyo wa barafu alikuwa amekwenda kukagua madirisha.

"Sitaki chumba," nilisema. Nilianza kulia bila kuona haya. "Leo nataka kukaa hapa. Hujaniacha nijibu!"

"Leo utajibu kwa sababu ya mtoto, na kwa sababu dada na mama wamekukodolea macho. Nenda ukakae huko na mwanao. Mkitaka kurudi, mtarudi kwa miguu yenu, mlango wa hapa hauna kufuli. Mimi sitaki kuwa mshika funguo."

Wifi aligeuza uso ukutani. Mama mkwe alikuwa anasema peke yake kwamba wanaume wa siku hizi wamelogwa.

Nilinyoosha mkono niusukume ufunguo nimrudishie. Niliugusa, na vidole vikajua kabla ya macho. Ulikuwa umefungwa kwa waya mwekundu. Umesukwa vizuri, kama ukili.

"Chumba hiki umekipataje?" nilimuuliza. Nikarudia. "Umekipataje?"

"Nilikuwa naulizia kwa watu. Kuna dalali alinipigia simu mwenyewe."

"Dalali gani?"

"Simjui. Bwana mmoja mpole, hana maneno mengi." Akanitazama vizuri. "Kwa nini? Unamjua?"

Nilikuwa na sentensi moja tu mdomoni, na nilisikia itakavyosikika mle sebuleni. Mke aliyesema angepata pa kulala angeondoka, leo ndiye anayejua mwenye chumba. Mama mkwe asingehitaji simu nyingine. Hata wifi asingeutafuta ukurasa. Na nikinyamaza, jioni ile ile nitambeba binti yangu na kumlaza mahali ambapo Kimya ameshapima kuta kwa ajili ya sauti zetu.

Binti yangu akaingia mbio kutoka uani, mikono imejaa udongo. Akauona ufunguo, akaupenda kwa ule wekundu wake. Akaunyakua kitabuni na kuuvaa kidoleni kama pete.

"Mama," aliuliza, "huu ni wa wapi?"

Wakubwa wote watatu wakanigeukia, wakingoja nimjibu mtoto.